Mtoto wetu wa Ufaransa anataka kununua avioni



Mwezi huu nimesogeza kando barua za mahari na za mashamba, ingawa zinajaa meza, juu ya barua moja iliyotoka Likasi. Mama aliyeiandika ni mjane. Bwana yake alitumika kwenye mgodi mpaka nguvu zikamwishia. Nilimwomba ruhusa nijibu hapa mbele ya wote, akakubali, ila bila jina. Anaandika hivi:

«Mchungaji, mutoto wangu wa pili iko Ufaransa, anafanya kazi ya mekanisie kwa garaji. Iko na bibi na mutoto mumoja mudogo. Kila mwezi anatuma makuta ya masomo ya wadogo zake wawili. Sasa ametuambia kwa telefone kwamba anajifunza kurusha avioni, na anataka kununua yake. Mimi silale tena. Mujomba yake anasema ni kiburi, shangazi yake anasema ni wazimu. Ile avioni ni ya namna gani, ya kununuliwa na mekanisie? Na kama nikienda kumutembelea, nipande ao nikatae?»

Nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka. Wewe pia unajua namna mambo yanavyosemwa kwetu: ukisikia kwamba jirani fulani iko na avioni yake mwenyewe, watu hawafikiri kiwanja cha ndege, wanafikiri mambo ya usiku, ungo na maganda ya miti. Huyu mama anabeba mizigo miwili: hofu ya mtoto kuanguka, na maneno ya watu wa kisimani. Basi tuanze na chombo chenyewe, maana hofu nyingi inatoka kwa kutokujua.

Mtoto huyu hanunui ndege kama zile zinazotua Luano. Hanunui hata ndege ndogo kama zile za misioni, ambazo wengi wetu tulikimbilia kuziangalia tukiwa watoto. Ile Cessna 206 ya misioni, ikijazwa watu na mizigo, inapita kilo 1,600. Kitu anachosema kijana wetu, Wafaransa wanakiita ULM, maana yake chombo chepesi sana chenye moteri. Sheria yao inasema ULM ya watu wawili isipite kilo 500, ao kilo 525 kama imefungwa parashuti. Na hizo kilo 500 ni pamoja na watu, esansi na mfuko wa mkate. Ukiondoa watu wawili walioshiba na litre zao za esansi, chombo chenyewe kinabaki na kilo 300 hivi. Pikipiki mbili kubwa zinaweza kuwa na uzito kukipita.

Tena sheria inataka chombo hicho kiweze kwenda polepole, karibu kilometa 70 kwa saa, bila kuanguka. Shika jambo hili, msomaji, kwa sababu ndilo linaeleza mengine yote. Kitu chepesi kinachotua polepole hakihitaji kiwanja kirefu, na kikigonga hakigongi kwa nguvu kama kitu kizito. Ndiyo maana serikali haikikazi sana. Huko Amerika, tangu mwaka 1982, chombo cha mtu mmoja kisichopita kilo 115 kikiwa kitupu kinarushwa hata bila lisansi.

Namna ni nyingi. Ufaransa wanahesabu aina sita, na ndani yake muna hata helikopta ndogo na mipira ya hewa. Lakini mama asijisumbue na zote. Iko paramoteri, ambayo mtu anabeba moteri mgongoni kama mfuko na kuning'inia chini ya parashuti ndefu. Iko pendulere, ambayo ni bawa kubwa la kitambaa lenye sura ya pembe tatu, na chini yake kigari cha magurudumu matatu kinachoning'inia. Na iko multiaksi, yenye mabawa, mkia na fimbo ya kuongoza, ambayo ukiiona utasema tu ni ndege. Hizi mbili za mwisho zinaongozwa kinyume kabisa. Kwenye pendulere, ukisukuma chuma mbele, pua inapanda na mwendo unapunguka. Kwenye multiaksi, ukisukuma fimbo mbele, pua inashuka na mwendo unaongezeka. Mtu aliyezoea moja akarukia nyingine bila mwalimu, siku ya hatari mkono wake utafanya ulichozoea. Kwa hiyo lisansi inaandikwa kwa aina ya chombo. Mtu wa pendulere si mtu wa multiaksi mpaka afundishwe tena.

Bawa lile la kitambaa liko na historia ambayo ninaipenda, hasa kwa jamaa. Mwaka 1948 mhandisi mmoja Mwamerika, Francis Rogallo, na bibi yake Gertrude, walikuwa wakitafuta bawa ambalo halina mifupa mingi. Wakashona mfano wao wa kwanza kwa pazia la jikoni, wakaupima nyumbani mbele ya upepo wa ventilateri. Baadaye watu wa NASA wakaujaribu ule mfano wakifikiri utarudisha wasafiri wa anga chini, kisha wakauacha. Lakini vijana wa michezo wakauchukua, wakaanza kuruka nao kutoka vilimani. Mwaka 1975, huko Wisconsin, John Moody akafunga moteri ndogo juu ya bawa kama hizo za vilimani akaondoka kutoka kwenye barafu ya ziwa. Ni kusema, kazi hii haikuanzia kwa matajiri. Ilianzia kwa watu waliokuwa na cherehani na moteri ya kukatia miti.

Sasa masomo. Ufaransa mtoto wa miaka 15 anaruhusiwa kupata brevete ya ULM. Kuna mtihani wa karatasi, maulizo 40: hali ya hewa, sheria za anga, namna bawa linavyobeba, namna ya kusoma ramani. Kisha ni kazi ya mwalimu. Na hapa ni jambo ambalo wengi hawalijui: sheria haitaji hesabu ya masaa kwa aina za kawaida. Mwalimu mwenyewe ndiye anasema, «Leo unaweza kuruka peke yako,» na ndiye anaweka sahihi. Kwa desturi watu wengi wanachukua masaa 20 mpaka 35. Uingereza wamekaza zaidi: kwa lisansi nzima ya vyombo hivi wanataka masaa 25 kwa uchache, na ndani yake 10 ya kuruka peke yako.

Lisansi ya Ufaransa ikishapatikana haiishi muda wake. Mtu anaweza kukaa miaka mitano bila kugusa chombo, kisha asubuhi moja akapanda, na karatasi yake inakuwa bado nzima. Mimi ninaona sheria hiyo ni laini kupita kiasi. Mkono unasahau. Mwenye akili, kama hajaruka miezi miwili, anamtafuta mwalimu kwa saa moja kwanza, na wengi wanafanya hivyo bila kulazimishwa. Mama, uliza mtoto kama yeye anafanya hivyo.

Liko neno lingine linalokugusa wewe, mama, kwa sababu unauliza kama upande. Brevete peke yake haimpi mtu ruhusa ya kubeba abiria. Mwalimu anapaswa kuongeza ruhusa hiyo, baada ya kuona kwamba mtu huyu ameiva. Piloti mpya anaruka peke yake kwanza. Basi kama kijana wako amepata karatasi yake wiki iliyopita na tayari anakuita kupanda, kuna kitu hakipo sawa.

Tuje kwa makuta, maana ninajua mjomba ameshika hapo. Kwa bei za miaka hii, saa moja ya masomo pamoja na mwalimu iko kati ya euro 100 na 150. Fanya hesabu: masaa 30 ni euro 3,000 mpaka 4,500. Si kidogo. Lakini si bei ya nyumba pia. Ni sawa na gari kuukuu. Kununua ndiko kunakotofautiana sana. Pendulere ya zamani ya watu wawili inapatikana kwa euro 5,000 ao 10,000. Multiaksi mpya ya kisasa, yenye vioo vya kung'aa na saa za elektroniki, inaweza kupita euro 100,000. Kati ya hizo mbili kuna soko kubwa la vitu vilivyotumika, na soko lile lina waongo kama soko lolote la magari.

Walakini bei ya kununua si bei ya kuwa nayo. Wengi wanaanguka hapo, kama vile kwetu mtu anavyonunua kamio kwa makuta ya mwisho kisha anakosa matairi. ULM inataka kulala ndani ya hanga, maana jua linakula kitambaa. Bawa la Dacron likiachwa nje miaka michache, kwa macho linaonekana zima, lakini nyuzi zimekufa. Wenye kujua wanapima kwa kuvuta mshono kwa chombo maalum, wanaona kama unapasuka. Hanga inalipwa kila mwezi, hata chombo kikilala tu. Kuna asiransi ya kulipia watu wengine utakaowaumiza, ambayo sheria inailazimisha. Kuna mchango wa chama cha kiwanja. Kuna parashuti ya roketi, ambayo baada ya miaka fulani inapaswa kurudishwa kwa waliyoitengeneza wakaikunje upya. Esansi ndiyo ndogo kati ya yote: moteri ya Rotax 912, ambayo imeenea kila pahali, inakunywa karibu litre 15 kwa saa, na inakubali esansi ya gari.

Kwa hiyo wengi hawanunui peke yao. Watatu ao wanne wanajiunga. Tuseme chombo ni euro 20,000: kila mtu anatoa 5,000, na hanga na asiransi vinagawanywa kwa nne. Wanaandika daftari la nani anaruka siku gani na nani alibadilisha mafuta. Mama, sisi watu wa Katanga tunajua kikundi cha makuta ni nini, na tunajua pia namna kinavyovunjika. Basi ushauri wangu kwa kijana: mapatano yawe ya karatasi, yaseme mtu akitaka kutoka atapata nini, na mtu akivunja gurudumu nani atalipa. Urafiki wa garaji hautoshi.

Kwamba ni mekanisie, hilo ni jambo jema kuliko mama anavyofikiri. Kwa ndege kubwa, fundi mwenye karatasi za serikali ndiye anaweka sahihi. Kwa ULM ya Ufaransa, mwenyewe ndiye anatunza, na mwenyewe ndiye anatangaza kwa maandiko kwamba chombo chake kinafaa kuruka. Chombo hakina cheti kama cha ndege kubwa. Kina kadi na alama chini ya bawa, namba ya jimbo na herufi. Uhuru huo ni mkubwa, na unaua pia. Hakuna mtu mwingine atakayekuja kuangalia kama ule msumari umefungwa.

Na mekanisie iko na jaribu lake. Kwenye barabara, moteri ikikohoa unasimama pembeni, unafungua boneti, unasafisha buji, unaendelea. Huko juu hakuna pembeni. Moteri za zamani za mapigo mawili, kama Rotax 582, ambazo oili inachanganywa ndani ya esansi sawa na mashini ya kukata miti, zinajulikana kwa kuzimika bila kuaga. Walioitengeneza wenyewe wanaonya katika kitabu chake kwamba inaweza kusimama wakati wowote, na kwamba mtu asiruke pahali ambapo hawezi kutua bila moteri. Wao wenyewe! Ile 912 ya mapigo manne inaaminiwa zaidi sana, na inaweza kufika masaa 2,000 kabla ya kufunguliwa yote. Lakini hata nayo, piloti mzuri kila dakika anatafuta kiwanja chini yake kwa macho. Akipita msitu, anapanda juu zaidi. Moteri ikizimika kwenye urefu wa metre 300, multiaksi nyingi zinaweza kuteleza karibu kilometa 3 kama hakuna upepo wa mbele. Hiyo inatosha kupata shamba. Kwenye metre 50 haitoshi kupata kitu.

Hapo ndipo wengi wanakufa, mama, na sitakuficha, kwa sababu uliniuliza kweli. Ajali nyingi za vyombo hivi haziji kwa bawa kuvunjika hewani. Moteri inazimika mara tu baada ya kuondoka, na mtu anaona kiwanja kiko nyuma yake, karibu sana, anageuka kukirudia. Akigeuka anapoteza mwendo, bawa linaacha kubeba, chombo kinaanguka kwa ubavu. Walimu wanarudia mpaka wanachoka: usigeuke, shusha pua, tua mbele yako, hata ndani ya mihogo, hata kama utavunja magurudumu. Ingine ni kugeuka polepole na chini kabla ya kutua, mtu akiangalia kiwanja na kusahau saa ya mwendo. Ingine ni hali ya hewa: mtu anataka kurudi nyumbani juu ya kazi ya kesho, mawingu yanashuka, naye anaendelea. Lisansi ya ULM ni ya mchana na ya macho tu. Asiyeona ardhi hana haki ya kuwa juu.

Iko ile parashuti ya roketi. Mwamerika Boris Popov alianguka na bawa lake mwaka 1975 kutoka urefu wa metre zaidi ya 100, akaangukia ziwani, akapona. Wakati wa kuanguka alikasirika kwamba hana kitu cha kuvuta. Mwaka 1980 akaanzisha kompanyi ya parashuti zinazoshusha chombo chote pamoja na watu ndani. Unavuta mkono mmoja, roketi inatoa kitambaa, chombo kinashuka polepole. Imeokoa watu wengi. Lakini inataka urefu, na chini kabisa haina nafasi ya kufunguka. Mimi ningemwambia kijana asinunue bila hiyo, hata kama bei itapanda.

Neno dogo kwa wasomaji vijana wa Kolwezi, maana ninajua mmeisha kuanza kuota. Hewa yetu si hewa ya Ufaransa. Lubumbashi iko karibu metre 1,300 juu ya bahari, Kolwezi karibu 1,500. Moteri ya kawaida inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila metre 300 za kupanda, ni kusema Kolwezi inakosa kama asilimia 15 kabla haijaanza kazi. Bawa nalo linapata hewa nyepesi, na joto la mwezi wa kumi linaongeza tena. Chombo kinachoondoka ndani ya metre 150 kando ya bahari, kwetu kitahitaji zaidi sana. Tena anga ya Kongo si shamba la bure: mlango wa kwanza ni Autorité de l'Aviation Civile, na asiyepita mlangoni atakutana na askari. Mwenye kuunganisha chombo nyuma ya nyumba kwa mabati na moteri ya pikipiki, tafadhali, aniandikie kwanza.

Mama anauliza pia, bila kuandika wazi, kama kitu hiki ni mchezo wa watoto wasio na akili. Nitakupa mfano wa binti mmoja wa Ubelgiji. Zara Rutherford alikuwa na miaka 19. Tarehe 18 mwezi wa 8 mwaka 2021 aliondoka kiwanja cha Kortrijk-Wevelgem peke yake ndani ya chombo chepesi kinachoitwa Shark, kilichotengenezwa Slovakia, akazunguka dunia nzima. Alirudi pale pale tarehe 20 mwezi wa 1 mwaka 2022. Alifikiri itakuwa miezi mitatu, ikawa siku 155. Na siku nyingi kati ya hizo hakuruka. Alikaa karibu mwezi mmoja huko Alaska, na wiki kadhaa ndani ya kijiji cha Siberia chenye baridi kali, akingojea karatasi na hali ya hewa. Huko Amerika alikuta moshi wa misitu inayowaka, akageuza akarudi. Mwaka ule ule wa 2022 ndugu yake Mack, wa miaka 17, alimaliza safari kama hiyo, akipita Afrika pia. Watu wanasifu kilometa. Mimi ninasifu ule mwezi wa kukaa chini, kwa sababu binti wa miaka 19 mwenye dunia nzima inayomwangalia, kusema «leo hapana» ni kazi.

Ndiyo maana ulizo la kumpima kijana wako si «Unaogopa?» Mwulize: «Ni mara ngapi ulienda kiwanjani, ukaangalia upepo, ukarudi nyumbani bila kuruka?» Akijibu «mara nyingi,» mama, lala. Akijibu «haijapata,» endelea kumpigia telefone.

Sasa mjomba na shangazi. Mjomba anasema ni kiburi, lakini nimesoma barua mara tatu, na ninaona mjomba anaogopa kitu kingine: kwamba makuta ya kila mwezi yatakatika. Afazali aseme hivyo wazi. Kijana ametumikia jamaa, amelipa masomo, na hakuna mtu aliyemwuliza kama yeye anafurahi huko baridini. Kwa maoni yangu, mtu anayetumika siku sita iko na haki ya kitu kimoja kinachomfurahisha, na afazali hewa ya asubuhi kuliko chupa. Lakini haki hiyo iko na mpaka. Watoto wawili wa Likasi wako katikati ya masomo. Kama kununua kunakata ada yao, angojee wamalize. Kama anakopa benki kwa kununua peke yake chombo kizima, ninasema hapana, na nitamwambia yeye mwenyewe kama atanipigia. Kama anaingia na wenzake watatu, kwa makuta aliyoyaweka, na ya wadogo zake yanaendelea, basi mjomba anyamaze.

Na bibi yake? Barua haisemi neno juu yake, na hilo linanisumbua kuliko moteri. Ni yeye atakayebaki na mtoto. Kijana akae naye mezani, afungue karatasi za asiransi ya kifo, asome ile sehemu ya herufi ndogo, kwa sababu mara nyingi asiransi za namna hiyo zinakataa kulipa mtu akifa ndani ya michezo ya anga, isipokuwa alitangaza mbele na akalipa zaidi. Wengi hawajui mpaka siku ya msiba. Hiyo ni saa moja ya kusoma na euro chache za kuongeza. Kama bibi akisema hataki kupanda, asimlazimishe, wala asimcheke mbele ya marafiki. Ikiwa anasema hataki yeye mwenyewe aruke, hapo wako na mazungumzo marefu, na mama mkwe asiingie katikati.

Sasa kupanda. Mama, ukipata viza na ukafika, hakuna mtu anayeweza kukulazimisha, na kukataa si aibu. Lakini kama unataka, fanya hivi. Mwombe akuonyeshe ndani ya karatasi zake ile ruhusa ya kubeba abiria. Mwulize ameruka masaa mangapi peke yake tangu aipate. Chagua saa ya asubuhi mapema ao jioni, upepo ukiwa umelala, kwa maana mchana jua linapasha udongo, hewa inapanda kwa matuta, na tumbo lako halitafurahi. Mwambie azunguke kiwanja mara moja tu, dakika kumi, atue, uone moyo wako unasema nini. Ukisema «rudisha,» arudishe bila maneno.

Na kama chombo chake ni pendulere, sikia hili vizuri. Helisi yake iko nyuma, nyuma kabisa ya kiti cha abiria. Kitu chochote kinachokutoka huko juu, mfuko, glavu, kandambili, kinaingia ndani ya helisi na kuivunja. Kwa hiyo kile kitambaa kizuri cha kichwa ulichokishona kwa safari, uache kwa bibi yake chini. Utavaa kofia ngumu inayofungwa chini ya kidevu, nguo nzito kwa sababu kuna baridi, viatu vya kamba, na mifuko yote ya nguo uikaze kwa zipu. Simu ya picha mpe yule anayebaki kiwanjani. Yeye ndiye atakupiga picha ukiwa juu.